Kulala Chini ya Ndiva

Siku tulipomzika baba, mwenyekiti wa kijiji alisimama mbele ya watu akausifu ukuta. Hakusema neno juu ya vita alivyopigana baba, wala jinsi alivyompenda mke wake hadi watu wakamcheka, wala nyumba alizojenga kule chini Same kuanzia stendi hadi ng'ambo ya reli. Alisema, "Ukuta wa ndiva aliotujengea mzee wetu umesimama mpaka leo bila ufa," na watu wakatikisa vichwa kukubali. Wengine waligeuka kuutazama, maana kutoka pale kaburini unaonekana wote, juu ya paa la nyumba yetu, mweusi kwa kuvu. Nilitaka kumwambia akae chini. Mume wangu alinishika mkono, kwa sababu ananijua, nikishapandisha sina breki.

Basi nimeamua kuandika. Watu wa kwetu wanaujua ukuta ule, lakini hawajui ulivyotutesa.

Milimani kwetu maji ya kijito hayatoshi kumwagilia mashamba ya watu wote kwa mpigo. Ndiyo maana tangu enzi za mababu huelekezwa jioni ndani ya ndiva, bwawa lililozuiwa kwa ukuta wa mawe na udongo wa mfinyanzi, yakajaa usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa yakashuka kwa mifereji hadi kwenye mahindi na maharage. Ukuta wa udongo huliwa na maji. Kila mwaka kabla ya masika baragumu lilipigwa mgongoni mwa kilima na watu wote wakaenda msaragambo, yaani kazi ya kijiji isiyo na malipo. Wanaume walipanga mawe, wanawake walibeba udongo mbichi vichwani na kuukanyaga kwa miguu mpaka ukaze. Asiyekwenda alitozwa faini. Mjamzito alikwenda, na aliyefiwa alikwenda matanga yakishaisha.

Baba hakuwa Mpare. Babu alitoka Songea kuja kukata mkonge, na baba alizaliwa kambini huko tambarare, kwenye joto na vumbi, akajifunza uashi kwa fundi wa shamba. Alipanda mlimani kuja kujenga madarasa, akamwona mama, hakushuka tena. Wajomba zangu walimfanya kichekesho. Kichasu chake, yaani lugha yetu ya Wapare, kilikuwa cha kuokoteza, na makande aliyala kwa adabu tu, kila mara akiuliza kwa upole kama hakuna ugali. Babu mzaa mama aliwapa kiwanja chini kabisa ya ndiva. Wanawe wa kiume walikuwa wamekikataa wote, kwa sababu kilikuwa kibichi siku zote na jua lilikifikia asubuhi ikiwa imekwenda sana. Baba alishukuru kwa kupiga magoti, na hapo ndipo alipomjengea mke wake nyumba.

Vita vya Uganda vilipoanza alichukuliwa pamoja na wanamgambo wengine. Mimi nilikuwa wa kubebwa mgongoni, na mama alikuwa na mimba nyingine. Msimu ule baragumu lilipigwa kama kawaida, mama akaenda kubeba udongo, akarudi nyumbani na damu. Alimzika mtoto kwenye migomba nyuma ya nyumba, akisaidiwa na dada yake mkubwa, ambaye mimi humwita mama mkubwa. Baba aliporudi, amekonda, amevaa koti la jeshi, sikio la kushoto halisikii, alionyeshwa jiwe dogo lililowekwa pale migombani. Mama aliniambia kwamba hakulia. Aliuliza mimba iliharibikaje, akajibiwa, akatoka kwenda kuutazama ukuta wa ndiva mpaka akaitwa kula.

Kutoka vitani alileta tabia moja ambayo sisi tuliizoea na wageni waliicheka. Hakulala karibu na ukuta. Kitanda chao kilikaa katikati ya chumba, ukitaka kupita unakizunguka. Usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu, na kabla ya kulala alipitisha kiganja ukutani, kuta zote nne, ndipo akavua viatu. Nilikuwa msichana mdogo nilipomuuliza, na alinijibu siku hiyo tu, huku akichanganya mchanga, bila kunitazama.

Walikuwa wamejikinga nyuma ya ukuta wa shule moja huko Uganda. Mizinga ikapiga, majengo ya jirani yakaanguka, ukuta wao ukabaki. Wakamshukuru Mungu. Kesho yake kukiwa kimya kabisa, wenzake wanakunywa uji, ukuta ukawalalia. Yeye alikuwa amekwenda kujisaidia.

"Hawakusikia chochote?" nikamuuliza.

"Hakuna cha kusikia," alisema. "Ukuta uliokufa ndani haupigi kelele. Unakaa unakutazama tu, siku yake ikifika unakuja."

Nadhani hakujua kwamba maneno yale si ya kumwambia mtoto. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiogopa hata ukuta wa darasa.

Miaka ile dukani hakukuwa na kitu. Mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi ili majirani wagawane, sukari ilikuja kwa zamu, na watu waliosoma walitembea na viraka matakoni bila aibu kwa kuwa kila mtu alikuwa navyo. Saruji ilikuwa ya kibali. Baba alihangaika maofisini msimu mzima, amevaa koti lake la jeshi ili wamheshimu, mpaka kijiji kikapewa kibali cha saruji ya kujenga ukuta mpya wa ndiva. Kwenye mikutano alizungumzia maendeleo, maana wakati ule kila mtu alizungumzia maendeleo. Nyumbani alimwambia mama jambo moja tu.

"Hutabeba udongo tena maisha yako yote."

Saruji hiyo ilikuwa imelala stesheni masika yote chini ya turubai lenye matobo. Ilipopandishwa kwetu mifuko mingi ilikuwa imeganda, ukiigonga inalia kama jiwe. Mafundi husema saruji imekufa, na fundi mwenye akili timamu huitupa. Lakini kuitupa ilikuwa ni kurudi kwenye mabenchi ya ofisi na kuanza upya, na baragumu lilikuwa karibu kupigwa. Tukaiponda. Baba, mama na mimi, uani kwetu, tumefunga vitambaa puani, tuliponda yale mabonge kwa nyundo na kuyachekecha mpaka yakawa unga. Ukiutazama ungeapa ni saruji. Mifuko michache iliyokuwa mizima baba aliiweka kando kwa ajili ya lipu ya nje. Sikuona ubaya wowote. Niliona baba yangu ni mjanja kuliko serikali.

Ukuta ulipokwisha ulikuwa laini na wa kijivu, hakuna aliyewahi kuona kitu kama kile mlimani. Wajomba waliacha kumcheka. Wakaanza kumwita Fundi, na ikitokea ugomvi wa mipaka aliitwa naye akatoe neno, yeye mtoto wa kambini. Msaragambo ulikufa kifo cha kawaida, bila mtu kuuliza. Baragumu lilitundikwa nyumbani kwa mwenyekiti wa wakati ule na sijui liliishia wapi. Wanawake walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Ila hapo zamani kila mwaka macho ya kijiji kizima yalikuwa yakiukagua ule ukuta, jiwe kwa jiwe, na sasa hakuna aliyepanda kuutazama isipokuwa watoto wakienda kuogelea.

Kisha ikaja ruksa, serikali ikaachia biashara. Sijui nieleze vipi kwa asiyeiona. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa redio, baiskeli na makopo, mitumba ikamwagwa sokoni Same kwa marundo, na kila mwenye chochote akataka nyumba ya matofali na gesti kando ya barabara kuu. Saruji ikauzwa hadharani. Baba akawa mtu wa kutafutwa. Alishuka Jumatatu, akapanda Jumamosi kwa miguu, na hakuna Jumamosi aliyopanda mikono mitupu. Alimletea mama khanga, mafuta ya kupaka, mkate, hata miwani ya jua ambayo mama aliivaa kwenda nayo kanisani tukachekwa wiki nzima. Akiwa nyumbani alimchotea maji, ndoo kichwani, mchana kweupe, mwanaume mzima. Wajomba walisema amelishwa kitu. Mama alikuwa akiwajibu, "Basi na nyie walisheni wake zenu wawalishe."

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaolewa Same, chumba kimoja na watoto, nauza mitumba. Asubuhi moja baba alikuja sokoni, hata sijamwamkia, akaweka kipande cha ukuta juu ya nguo zangu.

"Shikamoo baba. Utanichafulia mashati."

"Unaikumbuka saruji hii?"

Alikichukua tena, akakisugua kwa vidole kikawa vumbi. Akanieleza. Zamani ile ilibaki mifuko ya saruji tuliyoiponda, akaitumia kujengea tangi la maji la mfanyabiashara mmoja pale mjini. Tangi lilikuwa limekaa miaka na miaka. Siku hiyo alfajiri, hakuna mvua, hakuna upepo, lilipasuka kutoka chini, likaua kuku na kuzoa masufuria mpaka barabarani. Watu pale walikuwa bado wanacheka. Baba alikuwa ametokwa na jasho ingawa jua lilikuwa bado halijawa kali, na niliona midomo yake inakauka.

"Tangi ni mapipa mangapi?" aliniuliza. "Na ndiva ni mapipa mangapi? Na mama yako analala wapi?"

Toka siku ile sikulala vizuri mvua ikinyesha.

Baba alianza kupanda mlimani hata katikati ya wiki. Mama alinisimulia kwamba alikuwa hasalimii kwanza, anapitiliza mpaka kwenye ukuta, anaweka kiganja, halafu sikio lake zima, anasogea hatua chache, anaweka tena. Lipu ya nje ilikuwa haina hata mchubuko. Jambo hilo halikumtuliza hata kidogo, kwa sababu lipu ndiyo iliyokuwa ya saruji nzima. Alichimba nyuma ya jiko akakuta udongo umelowa wakati wa kiangazi. Akachimba karibu na migomba, umelowa. Vyura walilia nyuma ya nyumba miezi ambayo majirani hawakuwa na chura hata mmoja. Sakafu ya jikoni ilitoa jasho asubuhi, mama akaifuta kwa tambara na kuendelea na uji wake.

Alijaribu kumwambia mwenyekiti, huyu huyu aliyekuja kuhutubia mazishini. Alisema tu kwamba ukuta umezeeka, labda ufunguliwe, uangaliwe. Mwenyekiti akampiga begani akacheka. "Fundi, ukuta huu utatuzika sisi sote." Baba aliacha kula siku ile. Nilipomjia juu, kwa nini hasemi wazi kwamba saruji ilikuwa mbovu, alinitazama kama anatazama mtu asiyejua kitu.

"Nikisema, ukuta utabomolewa na watu wote hawana maji ya kumwagilia. Watarudi kwenye udongo, na mama yako atabebeshwa."

"Mama yangu wa sasa, na magoti yale? Nani atambebesha?"

Nafikiri pia hakutaka kuwa mtoto wa kambini tena, na simlaumu, ila nilimkasirikia sana.

Halafu ikanyesha ile mvua ambayo watu waliiita Elnino. Ilinyesha wakati wake na ikaendelea kunyesha wakati usio wake, mpaka ikachosha masikio. Barabara ya kupanda kwetu ilikatika vipande, mabonde yakameguka, na habari za nyumba zilizofunikwa na udongo zilishuka pamoja na watu waliokuja kutafuta unga. Ndiva ilijaa mpaka mdomoni. Walifungua mlango wake wote na bado haikupungua. Baba alipanda mlimani na mvua mwilini, akampata mama anachambua maharage jikoni, maji yametuama sakafuni mpaka kwenye visigino. Mengine alinihadithia mama mwenyewe.

"Vaa, tunashuka," baba alimwambia.

"Tunashuka kwenda wapi?"

"Same."

"Mimi sijawahi kulala nyika na silali."

Huu haukuwa ukaidi wa mama peke yake. Watu wa juu, wazee hasa, walikuwa wakishuka sokoni alfajiri na kupanda kabla jua halijazama, hata kama biashara haijaisha. Walisema nyika ina homa isiyowajua. Mtoto wa mlimani akipelekwa kuishi chini walimlilia kabla hajaondoka. Sisi tuliokwenda shule tuliwacheka, na baba alicheka kuliko sisi, kwa sababu yeye homa hiyo alikua nayo kambini, aliumwa nayo kama wengine wanavyoumwa mafua, akanywa majani machungu akarudi kazini. Hakuiona kuwa kitu cha kuogopwa na mtu mzima.

"Homa ya nyika!" akasema. "Mimi nimezaliwa ndani yake. Unaogopa mbu, huogopi maji yale yote kichwani kwako?"

"Ubichi huu nimeukuta hapa nikiwa mtoto," mama akamwambia. "Ulikuwapo kabla hujaja na saruji yako."

"Hujui unachosema. Nimeujenga mimi. Nauona unavyokuja."

Mama akaendelea na maharage. Hapo baba akapiga magoti kwenye yale maji, akasema hawezi kumpoteza yeye kwa kazi ya mikono yake. Mama aliniambia hajawahi kumwona hivyo, hata siku ile ya jiwe la migombani. "Nilishuka kwa ajili yake," alisema. "Mimi ukuta ule sikuwahi kuuogopa."

Kwangu hapakuwa na nafasi. Baba alikuwa akijenga gesti nje kidogo ya mji, na mwenye gesti akamruhusu wakae chumba kimoja kilichokwisha kuezekwa. Nilikwenda kuwatazama na sufuria la chakula. Chumba kilikuwa kikavu, kikubwa, kinanukia saruji mbichi, na madirisha yalikuwa mashimo tu yaliyozibwa kwa magunia. Baba alikuwa mtu mwingine. Alinigongea ukuta kwa ngumi, akacheka kama kijana, akasema, "Sikia hiyo! Hiyo ndiyo saruji!" Kitanda alikuwa amekisukuma mpaka ukutani. Kwa mara ya kwanza tangu vita, usiku uliotangulia, alikuwa amelala mgongo umegusa ukuta. Mama alikaa kitandani amejifunika khanga mbili, anatazama nje kupitia upenyo wa gunia. Nje, mbele ya dirisha, kulikuwa na mashimo makubwa ambamo baba na vibarua wake walikuwa wamechimba udongo wa matofali, yamejaa maji ya mvua, yametulia.

"Kuna joto huku," mama aliniambia. "Na usiku hakuna anayenyamaza." Alikuwa anasema juu ya mbu.

Nikamwambia nitamtafutia chandarua. Vyandarua wakati ule vilikuwa vya kutafuta kweli, lakini nilikipata, nikakipeleka, na baba alikitundika siku ile ile. Mama alikuwa ameshalala hapo siku za kutosha.

Ilianza kwa baridi. Mama akasema anasikia baridi ya nyumbani, na baba akafurahi, akadhani hali ya hewa imegeuka. Kisha akatapika. Baba alimnunulia vidonge dukani, akamwambia kesho atakuwa mzima, yeye anaijua homa hii, ni ya siku chache. Kesho yake mama alimwita baba kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Tulimkimbiza hospitali kwenye mkokoteni wa kubebea matofali, mimi nimemshikia kichwa, baba anausukuma kwenye matope akihema. Walimtundikia dripu ya kwinini. Walifanya walichoweza, siwezi kusema vinginevyo. Daktari alituuliza ametoka wapi, tukasema juu, akaguna, akaandika. Homa ilikuwa imeshampanda kichwani. Mama alikufa mchana, mvua imekatika kidogo, na jua limetoka.

Baba alikuwa ameshika mguu wake. Alisema, "Lakini nilimshusha," akasema tena, kwa muuguzi, kwa mume wangu, kwa dereva wa gari lililombeba. Gari lilitufikisha pale barabara ilipokatika. Kutoka hapo vijana walimpandisha mama kwa machela, wakiteleza, na baba akitembea nyuma bila kofia. Tulipopinda kona ya mwisho, wote tuliinua macho kwa pamoja, na ukuta ulikuwapo. Ndiva imejaa, maji yanamwagika kwa juu, ukuta umesimama. Nyumba yetu chini yake ilikuwa kama tulivyoiacha, hata maharage yalikuwa kwenye ungo.

Walianza kuchimba kaburi migombani, karibu na lile jiwe dogo, kwa kuwa mama alikuwa amesema zamani kwamba alale hapo. Hawakufika magotini. Maji yalitoka chini, si kutoka upande wa ndiva, kutoka chini kabisa, meupe, ya baridi, yakibubujika kati ya mawe. Wachimbaji wakaruka nje. Mama mkubwa alisogea na fimbo yake, akainama, akachota kwa kiganja akaonja.

"Ni ile chemchemi," alisema. "Sisi wasichana tulichota hapa. Ilipungua, tukaifukia, lakini ubichi haukuisha. Ndiyo maana kaka zangu walikikataa kiwanja hiki. Hukuambiwa?"

Alimuuliza baba, tena bila ubaya wowote. Baba alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo. Nilimwona anatazama maji yale, anainua macho taratibu mpaka kwenye ukuta, anayarudisha kwenye maji. Nilipomshika mkono ulikuwa mgumu kabisa. Walichimba kaburi lingine upande wa juu, pakavu, na mama akazikwa huko.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, mingi kuliko nilivyomtakia, na nasema hivyo kwa mapenzi. Hakushika mwiko tena. Vifaa vyake aliviuza, gesti ikamaliziwa na fundi mwingine. Nilimbembeleza ashuke akae nasi, wajukuu walimlilia, akakataa. Aliishi peke yake chini ya ndiva, akijipikia, na kila masika yalipoanza alitoa kiti akakaa nyuma ya jiko, uso kwenye ukuta. Watu walisema analinda maji. Wengine walisema mzee anajivunia kazi yake, wakawaleta watoto wa shule wamsalimie. Mvua ikija kwa nguvu hakuingia ndani. Nikipanda kumtazama nilimkuta amelowa, ametega sikio moja, na uso wake ulinitisha, kwa sababu niliona haogopi tena. Alikuwa na hamu.

Masika ya mwisho ya uhai wake nilikaa naye wiki mbili, maana alikuwa hawezi tena kusimama. Alitaka kitanda kisogezwe dirishani. Mvua ilikuwa kubwa, na nilikuwa nimechoka, nikamsonya.

"Baba, acha kuutazama. Wataalamu wa mradi wa maji wamekuja, wamepima, wamesema ni mzima. Ukuta ule hautaanguka."

Aligeuza kichwa. Sijawahi kutazamwa na mtu kwa namna ile.

"Usiseme hivyo," alisema. "Usiseme hivyo mwanangu. Kama hautaanguka, basi mama yako nilimuua mimi."

Mvua ilipiga bati mpaka hatukuweza kusikilizana. Nilikaa kitandani kwake, nikamwinamia kwenye sikio lake zima ili anisikie vizuri.

"Utaanguka, baba," nikamwambia. "Nimeona ufa leo asubuhi. Hautazivuka mvua hizi."

Akafumba macho, akanishika kidole, akalala.